Tulishapita Hapa

"Mfumo umeila," alisema mkurugenzi wa Idara ya Majengo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa, na huyo alikuwa mtu wa tano tangu Jumatatu kumwambia Inspekta sentensi hiyo. Mlinzi wa mapokezi alisema mfumo umeila. Katibu muhtasi alisema hivyohivyo, akaongeza pole. Inspekta alikuwa ameanza kuuona huo mfumo kama mbuzi wa jirani: kila kinachopotea kakila yeye, na hakuna aliyewahi kumwona akitafuna.

"Mfumo hauna meno, mkurugenzi. Kuna mtu au kuna sababu. Tuanze tena. Jumamosi dhoruba iliangusha paa la ukumbi wa shule."

"Hapo tulishapita, Inspekta."

"Tupite tena. Watoto hawakuwamo, ila mlinzi wa shule kavunjika nyonga. Mkaguzi wa majengo anasema tarehe mosi, wiki tatu kabla ya dhoruba, alileta hapa ripoti ya mkono iliyotaka ukumbi ule ufungwe. Ana stakabadhi yenye mhuri wenu: ripoti moja, imepokelewa. Wewe uliiona?"

"Nimeandika kwenye maelezo yangu. Sikuiona. Vinavyoingia kwenye trei yangu ni vingi, na hutoka kama vilivyoingia. Huenda kuskaniwa, huwekwa kwenye kompyuta, na karatasi husagwa baada ya wiki mbili. Huo ndio utaratibu."

"Na diski iliyokuwa na ripoti ikaunguzwa na radi ya dhoruba ileile."

"Ndiyo. Ndiyo maana tuna nakala za akiba kila Ijumaa. Tumefungua nakala ya mwisho mbele yako. Folda mia mbili na kumi na moja zimo, nzima. Moja tu haimo, nayo ni Ukaguzi wa Shule." Alifungua viganja vyote viwili, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu. "Radi haichagui folda, Inspekta. Mtu huchagua. Mtunza kumbukumbu ana ufunguo wa chumba, na kaka yake ndiye msimamizi wa mkandarasi aliyeezeka paa lile. Unataka nini tena? Kurasa tisa haziwezi kuota miguu zikatoka zenyewe."

Inspekta alimtazama kidogo. Kisha akaandika maneno mawili kwenye kijitabu chake, akakifunga.

"Saa tisa alasiri saa zake arobaini na nane zinakwisha," alisema. "Ama nimpeleke kwa mwendesha mashtaka, ama nimwachie."

"Basi mpeleke, tufanye kazi."

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha, na feni yake ilizunguka kwa kusitasita kama inayofikiria kuacha kazi. Fundi wa kompyuta wa idara alikuwa ameegemea meza akila karanga. Wenzake walimwita Zima-Washa, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nieleze hizi nakala zinavyofanywa. Taratibu, na bila neno mfumo."

Zima-Washa alicheka, akafuta mikono kwenye suruali. "Kuna programu inaitwa Bohari. Ya zamani, iliandikwa hapahapa na mzee mmoja, kastaafu. Inaingia kwenye folda kuu, inafungua kila folda iliyo ndani, na za ndani yake, na za ndani yake tena, hadi mwisho. Kila inachokikuta inakifunga kwenye faili moja kubwa, inaliweka hapa." Aligonga sanduku la bati lenye nafasi nne. Tatu zilikuwa na diski ndogo za kubeba mkononi, kila moja imepakwa tone la rangi ya kucha. "Nyekundu, njano, kijani, buluu. Kila Ijumaa saa nane mchana rangi moja, kisha unaanza upya. Buluu mmeichukua nyie."

"Kwa nini mlinipa buluu peke yake?"

"Ndiyo ya mwisho. Kila nakala ni kamili, afande. Mwenye gazeti la leo anataka la jana la nini?"

Jumatatu hoja hiyo ilimwingia Inspekta akilini. Sasa ilimkera, ila hakujua bado kwa nini.

"Na hiyo diski iliyoungua?"

"Hiyo ya pili? Ilipachikwa miezi miwili iliyopita. Ya kwanza ilikuwa inakaribia kujaa, tukaongeza nyingine ndani ya mti uleule wa folda. Mtumiaji haoni tofauti. Anaona folda tu, hajui hii iko diski gani."

"Kuna karatasi yoyote inayoonyesha kilichokuwamo kabla ya radi?"

Zima-Washa alikuna kichwa. Alivuta droo, akatoa waya, chaja iliyokatika, mfuko wa karanga nyingine, na mwisho karatasi kadhaa zilizobanwa pini. "Tarehe kumi na tisa nilikuwa naangalia nafasi iliyobaki. Nikachapa orodha ya folda za diski zote mbili. Mimi nikichapa nachapa kila kitu."

Orodha ilikuwa na tarehe na saa juu yake. Inspekta aliipitia kwa kalamu, mstari kwa mstari, huku Zima-Washa akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Kwenye ukurasa wa nne, chini ya diski ya pili, aliikuta: Ukaguzi wa Shule.

"Tarehe kumi na tisa ilikuwepo."

"Inaonekana."

"Na hizi namba kushoto kwa kila folda?"

"Za mashine tu hizo, usijali. Kila folda ina namba yake kwenye diski, kama kitambulisho. Binadamu hazimhusu."

Inspekta alikunja orodha, akaitia kwenye mkoba. Folda ilikuwepo tarehe kumi na tisa. Nakala ya buluu ilifanywa tarehe ishirini na tatu. Siku nne za kufuta folda moja: nafasi tele kwa mwenye ufunguo. Kwa hesabu hiyo mtunza kumbukumbu alikuwa amezidi kuzama, na mkurugenzi alikuwa sahihi. Inspekta hakupenda mkurugenzi awe sahihi, lakini kupenda hakukuwa ushahidi.

Mtunza kumbukumbu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa sweta lilelile la Jumatano. Kazini walimwita Bi Daftari. Alikaa wima, mikono juu ya meza, kama aliyekuja kumhoji mwingine.

"Umekula?" aliuliza Inspekta.

"Nimekula. Uliza unachouliza, mdogo wangu. Nimechoka kuangalia ukuta."

"Kati ya tarehe kumi na tisa na ishirini na tatu uliingia kwenye folda ya Ukaguzi wa Shule?"

"Sikuingia. Tarehe mosi niliskani ripoti, nikaiweka. Ilitoka kwenye trei ya mkurugenzi. Sikuisoma, mimi huweka karatasi kwenye mashine kifudifudi. Tangu hapo sijaigusa."

"Kaka yako alikuuliza habari zake?"

"Kaka yangu hajanipigia simu tangu mazishi ya mama. Tuligombana juu ya kitanda. Kitanda, Inspekta! Cha mbao laini." Alipumua kwa nguvu. "Mtu wa namna hiyo ndiye nimfutie ripoti, nifungwe?"

"Wanasema damu nzito kuliko maji."

"Damu ya kwetu waliichanganya na maji zamani. Daftari langu mmelisoma?"

Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo, mezani, baina yao. Lilikuwa gumu, la jalada jeusi, limejaa mwandiko wa wima usioruka mstari. Inspekta alikuwa amelipitia Jumatano. Aliona tarehe na namba, na alama za kalamu ya risasi pembeni, akaendelea.

"Nimelipitia."

"Kupitia si kusoma. Lifungue mwezi huu."

Inspekta alivaa glavu, akafungua.

"Kila Ijumaa," alisema Bi Daftari, kwa sauti ya mwalimu aliyerudia somo mara nyingi mno, "Bohari ikimaliza hunipa idadi ya folda ilizozihifadhi. Naiandika. Ijumaa inayofuata, kabla haijagusa chochote, inaniuliza idadi ya wiki iliyopita. Nikikosea, haiendi. Haya. Tarehe mbili inasemaje?"

"Mia mbili kumi na moja."

"Tarehe sita?"

"Folda mpya, kwa kibali cha mkurugenzi. Sherehe ya Miaka Ishirini."

"Picha za sherehe yake. Ishirini ya kukaa kwenye kile kiti. Picha mia nne, zote anacheka. Sasa, mia mbili kumi na moja ukiongeza moja ni ngapi?"

"Mia mbili kumi na mbili."

"Tarehe tisa inasemaje?"

Inspekta alitazama. Mia mbili kumi na moja. Tarehe kumi na sita, mia mbili kumi na moja. Ishirini na tatu, hivyohivyo. Na pembeni ya tarehe tisa, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na alama ya kuuliza, nene, imekolezwa mara mbili.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikusema?" Sauti ya Bi Daftari ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nilimwambia Zima-Washa. Akaniambia nizime niwashe. Nikamwandikia mkurugenzi. Akanijibu mfumo uko sawa. Mlipokuja nyie mkanyang'anya daftari. Niliweka alama ya kuuliza, Inspekta, kubwa kama kichwa cha mtoto. Hakuna aliyeuliza."

Inspekta alikuwa mmoja wa wasiouliza.

Alitoa orodha ya Zima-Washa, akailaza kando ya daftari. Kwenye nakala ya tarehe tisa folda moja ilikwisha pungua. Folda mpya hazifunguliwi bila kibali, wala hazifutwi bila kibali, na daftari halikuonyesha iliyofutwa. Kama iliyopungua ni Ukaguzi wa Shule, na kama mtu aliifuta kabla ya tarehe tisa, basi tarehe kumi na tisa isingekuwa kwenye diski. Ilikuwepo. Ilikuwa imekaa mahali pake, wiki baada ya wiki, na Bohari ikawa inapita mlangoni bila kuichukua.

Kwa hiyo hapakuwa na mkono. Programu ndiyo iliyoiacha.

"Aliyeandika Bohari anaishi wapi?" aliuliza.

Aliishi mtaa wa pili nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya bati la kijani, na binti yake mwalimu ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu. Lakini nakuonya, leo kaamka vibaya. Redio imeharibika na kakataza isitengenezwe na mtu mwingine."

Mzee alikuwa sebuleni, redio imefunguliwa tumbo mezani. Alimsikiliza Inspekta bila kuinua macho, bisibisi mkononi. Lilipofika neno "imeacha folda" aliinua.

"Bohari haiachi."

"Imeacha, mzee."

"Miaka kumi na tisa, binti. Imekula dhoruba, imekula mafundi watatu, haijawahi kuacha hata barua. Nendeni mkamtafute mchawi wenu kwingine."

"Baba," alisema binti yake.

"Baba nini? Watu wanaweka vumbi kwenye mashine, wanakuja kunilaumu mimi!"

"Kuna mama yuko ndani tangu Jumatano," alisema Inspekta. "Bi Daftari."

Bisibisi ilitua mezani. Mzee alinyanyuka polepole, akaenda kwenye kabati, akarudi na jalada nene la karatasi zilizochapwa zamani, zenye matobo pembeni.

"Yule mama ndiye aliyenisumbua mpaka nikaweka lile swali la idadi," alisema. "Mwezi mzima ananisumbua. Haya. Hii ndiyo Bohari yote, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Sema imeacha wapi."

"Nieleze kwanza inatembeaje."

Mzee alilamba kidole, akafunua. "Kuna kipande kimoja cha kazi, hiki. Kinapewa folda. Kinaifungua, kinasoma kilichomo, kimoja kimoja. Kikikuta faili, kinalihifadhi. Kikikuta folda, kinajiita chenyewe, kiingie humo. Kikimaliza humo, kinarudi pale kilipoachia, kinaendelea. Basi. Hakuna uchawi."

"Ni lini hukuta folda kisiingie?"

"Hakuna."

"Mzee."

"Kuna mahali pamoja." Alisema kwa kutotaka, kama anayetaja deni la utotoni. "Mwaka wa kwanza kuna mtu aliweka njia ya mkato ndani ya folda, ikarudi kwa mzazi wake, folda iliyoibeba. Bohari ikaingia, ikakuta mzazi, ikaingia, ikakuta mtoto, ikaingia. Ilizunguka kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, diski ikafurika, nami nikatukanwa mbele ya watu. Ndipo nikaweka hii." Kidole chake kilisimama kwenye mstari. "Kabla ya kuingia, inatazama namba ya folda. Kama namba hiyo imeshaandikwa kwenye orodha ya zilizotembelewa, haiingii."

Juu ya mstari ule palikuwa na maelezo aliyojiandikia mwenyewe, ya Kiswahili. Inspekta aliyasoma kwa sauti: "Tulishapita hapa. Geuka."

"Na ikigeuka, inaandika kosa mahali?"

"Kosa la nini? Ni tahadhari. Inarudisha sifuri, maana yake hakuna kosa, inaendelea na safari."

Inspekta alifungua orodha ya Zima-Washa. Alitafuta Ukaguzi wa Shule, akasoma namba ya kushoto: 131073. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza na kushuka kwa kalamu, taratibu, folda baada ya folda. Mzee alimwangalia. Binti yake naye alisogea, akasimama nyuma ya kiti. Kwenye ukurasa wa tatu, chini ya diski ya kwanza, kalamu ilisimama.

Sherehe ya Miaka Ishirini. 131073.

"Namba moja," alisema Inspekta. "Folda mbili."

"Haiwezekani. Namba haijirudii kwenye diski."

"Kwenye diski moja."

"Ndiyo, kwenye diski mo—"

"Mtaani kwenu kuna nyumba namba kumi na mbili?"

"Ipo."

"Na mtaa wa pili?"

Mzee aliivuta orodha, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Alipozungumza, ghadhabu yake ilikuwa imepata mtu wa kuishukia.

"Nani aliwaruhusu kuweka diski ya pili? Nani? Tulikuwa na diski moja! Mashine yenyewe inakupa vyote viwili, namba ya folda na namba ya diski. Nilichukua kimoja kwa sababu kingine kilikuwa kilekile siku zote. Ningeandika neno moja zaidi. Neno moja!" Aligonga jalada kwa kiganja. "Hakuna aliyeniuliza. Mtu anaongeza chumba kwenye nyumba ya mwenzake bila hata kubisha hodi."

"Baba, kaa chini."

"Nimekaa!"

Alikuwa amesimama.

"Diski ya kwanza hutembelewa kabla ya ya pili?" aliuliza Inspekta.

"Kwa walivyoipachika, ndiyo. Inafika kwenye sherehe, inaandika namba. Ikija kwenye ukaguzi inakuta namba ipo. Inageuka." Mzee alikaa kweli safari hii. "Mtu kalala ndani siku mbili, kisa folda ya sherehe. Mwambie yule mama... Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Inspekta alikuwa bado anatazama tarehe. Alijua sasa jinsi folda ilivyopotea. Hilo lingemtoa Bi Daftari kwenye wizi, labda, kama mwendesha mashtaka angekuwa na subira ya kusikiliza habari za namba. Lakini ripoti yenyewe bado haikuwepo, na bila ripoti, neno la mkaguzi lilikuwa neno tu.

"Mzee, kabla folda ya sherehe haijafunguliwa, Bohari ingeichukua ile ya ukaguzi?"

"Pasipo pacha wake? Bila shaka."

"Ripoti iliingia tarehe mosi. Sherehe ilifunguliwa tarehe sita. Nakala ya tarehe mbili..."

"Inayo," alisema mzee. "Kama diski bado ipo, inayo."

Tarehe mbili, nyekundu. Tarehe tisa, njano. Kijani, buluu, kisha unaanza upya. Inspekta alitazama saa yake. Saa saba na dakika thelathini na tano, siku ya Ijumaa, na diski nyekundu ilikuwa kwenye sanduku la bati, ikingoja zamu yake kufutwa saa nane. Alikuwa nayo mbele ya macho asubuhi. Angeweza kuitia mfukoni.

"Ikianza kuandika inafuta kwanza?"

"Inafuta kwanza. Diski zilikuwa ndogo siku zile."

Alipiga simu ya Zima-Washa akiwa anavaa viatu. Haipatikani. Alikuwa ameizima, bila shaka, na angeiwasha baadaye. Simu ya mapokezi ilikuwa inatumika. Simu ya mkurugenzi aliikodolea macho hatua tatu nzima, namba iko tayari kwenye kioo. Akakumbuka maneno mawili kwenye kijitabu chake, akairudisha simu mfukoni.

Barabara haikuwa na haraka naye. Lori lilikuwa linarudi nyuma kwenye lango la ghala, kijana wa lango akiliongoza kwa ishara ambazo dereva hakuwa akizitazama. Inspekta alipiga honi. Dereva alimpungia mkono kwa ukarimu. Kwenye mzunguko, taa zilikuwa nyekundu pande zote nne, jambo ambalo alikuwa akiamini haliwezekani. Alifika idarani saa nane na dakika tisa, akaacha gari mlangoni, akapita mapokezi akikimbia, na mlinzi akamwita nyuma kwamba hajasaini kitabu cha wageni.

Zima-Washa alikuwa mbele ya kompyuta, kichwa amekishika kwa mikono yote miwili. Diski yenye tone jekundu ilikuwa imechomekwa, na kitaa chake kinawaka.

"Umeanza?" Inspekta aliipata pumzi nusu tu. "Umeanza kuandika?"

"Nianze vipi, afande? Inakataa! Inaniuliza idadi ya folda za wiki iliyopita. Nimejaribu mia mbili. Nimejaribu mia mbili hamsini. Nimejaribu mwaka wangu wa kuzaliwa. Nimezima nikawasha mara nne, inaniuliza swali lilelile. Namba iko kwenye daftari la yule mama, na daftari mnalo nyie!"

Inspekta alitazama skrini. Mstari mmoja mweupe: Wiki iliyopita folda ngapi? Kando yake kijistari kilimetameta, bila haraka, tayari kusubiri mpaka Bi Daftari arudi.

Aliichomoa diski kwanza, ndipo akakaa.

"Kuna njia ya kuifungua hii bila mtu yeyote kuweza kuandika juu yake?"

"Ipo. Kuna kiswichi pembeni."

"Kisukume. Mbele yangu."

Folda ilikuwemo. Ukaguzi wa Shule, tarehe mbili. Ndani yake faili kumi na nne, na ya mwisho ilikuwa ya ukumbi. Mwandiko wa mkaguzi ulikuwa mkubwa na mzito: boriti tatu zimeoza, misumari imekatika, watoto wasiingie mpaka paa libadilishwe. Inspekta alisoma kila ukurasa mpaka chini, akausogeza, akasoma unaofuata. Wa mwisho aliusoma mara mbili. Kisha akapiga simu kituoni.

"Mwachieni Bi Daftari. Sasa hivi, siyo saa tisa. Mpeni sweta safi kama lipo, na mkamwombe radhi. Daftari litarudi kwake likishapigwa picha."

Alipokata simu, mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, tai imelegea kidogo.

"Naambiwa umeacha gari katikati ya mlango wangu. Mmepata nini?"

"Ripoti."

Uso wa mkurugenzi haukubadilika. Mkono ndio ulioshika fremu ya mlango.

"Vizuri sana. Kwa hiyo yule mwanamke aliificha wapi?"

"Hakuificha. Hakuna aliyeiba kitu hapa, mkurugenzi. Picha zako za sherehe zilichukua namba yake. Kuna mtu tu aliyefurahi kukuta imepotea." Inspekta alifungua kijitabu chake na kukigeuza ili kisomeke. Palikuwa na maneno mawili: Kurasa tisa. "Asubuhi uliniambia hukuiona. Kisha ukanitajia idadi ya kurasa. Stakabadhi inasema ripoti moja, haisemi kurasa. Nimezihesabu sasa hivi. Ni tisa."

"Mtu husikia mambo kwenye korido. Hilo si—"

Inspekta aligeuza skrini. Chini ya ukurasa wa tisa, kando ya sahihi ya mkaguzi, kulikuwa na mstari wa wino wa kijani, mwandiko mwembamba wenye mikia mirefu, tarehe mosi, na sahihi ambayo Zima-Washa aliitambua kabla ya mtu yeyote kuitaja, maana aliacha kutafuna karanga.

Imeonekana. Isubiri baada ya sherehe.

Feni ilisita, ikazunguka tena. Mkurugenzi alisoma mstari wake mwenyewe kama mtu asomaye barua ya mwingine.

"Maelezo yangu ninyi mnayo," alisema hatimaye. "Nimeshaulizwa kuhusu ripoti hii. Hapo tulishapita, Inspekta."

"Tulipita," alisema Inspekta, akamvutia kiti. "Hatukuingia."